Kulia kwa nani? Majibu ya maswali yenu kuhusu lugha ya steji

Wasomaji wapenzi, barua za safari hii nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa maigizo na walimu wa klabu za drama, na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa njia tofauti, yaani yale maneno yanayorushwa rushwa kwenye mazoezi yana maana gani. Nimefurahi sana kwa sababu hili jambo liko moyoni mwangu. Wengi wanayakariri kwa ajili ya mtihani halafu basi, lakini maneno haya yalitengenezwa na watu wanaofanya kazi gizani, mmoja kashika kamba juu, mwingine yuko kwenye taa, mwingine anabadili kanga nyuma ya pazia kwa sekunde chache, na wote lazima waelewane kwa neno moja bila kuuliza mara mbili. Haya tuanze.

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo. Juzi muongozaji kaniambia "shuka daunisteji kulia" mi nikaenda upande ambao ni kulia kwake yeye alivyokaa kwenye viti, wenzangu wakacheka. Halafu jukwaa letu liko flati kabisa, sasa nashuka wapi?*

Marahaba mwanangu. Kulia na kushoto za jukwaani ni za mwigizaji aliyesimama anawatazama watazamaji. Muongozaji akae popote, wewe ugeuke nyuma ulale chini ufanye nini, kulia ni kule kule. Ndo maana muongozaji anayejua kazi anageuza kichwani mwake kabla hajafungua mdomo, kwa sababu mwenye kutembea ni wewe na sio yeye.

Sasa kupanda na kushuka. Kumbi nyingi za Ulaya kuanzia Italia karne ya 16 na 17 zilijengwa na sakafu ya jukwaa yenye mteremko, nyuma juu mbele chini, watazamaji waliokaa chini waweze kuona mpaka waigizaji wa nyuma na pia zile picha za kuchora za majumba na barabara zionekane zina kina. Kwa hiyo kwenda nyuma ulikuwa unapanda kweli na kuja mbele unashuka kweli. Siku hizi kumbi nyingi wameweka mteremko kwenye viti na sakafu ya jukwaa ikawa flati, ila maneno yalibaki. Apusteji ni nyuma, mbali na watazamaji. Daunisteji ni mbele, karibu nao. Katikati ni senta. Ukichanganya na kulia na kushoto unapata vyumba tisa vya sakafu, na ukivichora kwenye daftari kama kiramani hutapotea tena. Andika kwa penseli tafadhali, kalamu ya wino usiiguse kwenye skripti ya mazoezi, maana muongozaji atabadili mawazo na ni haki yake. Kuvuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine waigizaji wengi wanaandika alama ya X tu, halafu pale wanapoelekea. Hiyo mipango yote ya nani asimame wapi na atembee lini ndo inaitwa bloking.

Na hapa kuna jambo la adabu. Mwigizaji akirudi nyuma apusteji wakati mwenzie anamzungumzisha, yule mwenzie inabidi ageuke awape watazamaji mgongo ili amjibu, sura yake ikapotea na sauti yake ikaenda ukutani. Kufanya hivyo makusudi ni kumnyang'anya mwenzio onyesho. Dawa yake ni kusimama robo, mwili umeuelekeza nusu kwa mwenzio nusu kwa watazamaji, kwa macho ya pale kwenye viti inaonekana mnatazamana kabisa.

*Jambo mwalimu. Sisi tuko kundi la teatre hapa Bukavu. Tulienda kucheza Nairobi, mafundi wa kule wanasema steji raiti na steji lefti, sisi tumezoea jarde na kuru kama tulivyofundishwa kwa Kifaransa. Ilileta mvurugano mkubwa. Ni kitu kimoja ao hapana?*

Jambo sana ndugu zangu. Ni kitu kimoja, ila mlango wa kuingilia ni tofauti. Jarde (jardin, yaani bustani) ni kulia kwa mwigizaji, kuru (cour, yaani ua) ni kushoto kwa mwigizaji. Mfumo wa Kifaransa una uzuri wake, hauulizi kulia kwa nani, ni sawa na wavuvi wanaosema upande wa bara na upande wa bahari, haugeuki hata ukigeuka wewe.

Ilianzia Paris. Mwaka 1770 kundi la Comédie-Française lilihamia kwenye ukumbi mmoja ndani ya kasri la Tuileries, upande mmoja wa jengo kulikuwa na bustani na upande mwingine ua wa kasri, mafundi wakaanza kuita hivyo hivyo, bustani na ua. Kabla ya hapo walikuwa wanasema upande wa mfalme na upande wa malkia, mapinduzi ya 1789 yalipokuja hakuna aliyetaka tena kuwataja hao, bustani na ua vikashinda. Nchi zote zilizosomea teatre kwa Kifaransa zikarithi, pamoja na Kongo, Burundi na Rwanda.

Wafaransa wana njia yao ya kukumbuka, ukikaa kwenye viti soma kutoka kushoto kwenda kulia herufi J na C, kama Yesu Kristo anavyoandikwa kwa Kifaransa. Ukiwa jukwaani kumbuka kuru iko upande wa moyo, maana kwa Kifaransa ua na moyo, cour na cœur, ni maneno yanayokaribiana. Mkikutana tena na wa Nairobi chukueni tepu mbili za karatasi, andikeni makubwa JARDE / KULIA na KURU / KUSHOTO, bandikeni pande mbili kabla ya mazoezi ya kwanza, ni dakika moja tu.

*Mwalimu, mimi nafundisha klabu ya drama shule moja ya upili karibu na Kisii. Hatuna ukumbi, tuna bwalo la chakula na uwanja. Wanafunzi wamesoma kuhusu aina za majukwaa lakini wanaona ni mambo ya watu wenye majumba makubwa. Niwaelezeje?*

Mwalimu mwenzangu, waambie aina ya jukwaa haitokani na jumba, inatokana na watazamaji wamekaa wapi. Ukisogeza viti tu umebadili jukwaa. Kwa hiyo hilo bwalo lenu linaweza kuwa aina zote, na nakwambia ukweli una bahati kuliko mwalimu mwenye ukumbi wa viti vilivyofungwa na boliti.

Watazamaji wakikaa upande mmoja wote mnapata jukwaa la fremu, ambalo wataalamu wanaliita prosiniamu, watazamaji wanachungulia kupitia uwazi mkubwa kama dirisha. Ule wa Teatro Farnese pale Parma, Italia, uliojengwa 1618, ni kati ya fremu za kudumu za kale zaidi zilizobaki. Kenya National Theatre iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1952 ni wa ukoo huo huo. Sehemu ya jukwaa inayotokeza mbele ya pazia inaitwa aproni. Pande mbili ambako waigizaji wanasubiria wasionekane ni wingsi, na wafundishe kanuni hii mapema, ukiwa kwenye wingsi na unaweza kuona kiti cha mtazamaji basi mtazamaji naye anakuona.

Wakikaa pande tatu ni jukwaa la ulimi, linaingia katikati ya watu. Globe ya London iliyojengwa 1599, ambako Shakespeare alifanyia kazi, ilikuwa hivyo, watu waliolipa peni moja walisimama uani wamelizunguka jukwaa pande tatu, kwa hiyo mwigizaji hawezi kujificha kwenye mapambo, silaha yake ni maneno na mwili. Wakikaa pande mbili wanatazamana mwigizaji anapita katikati kama barabara, hiyo inaitwa travesi, na bwalo lenye meza ndefu linafaa sana kwa hii.

Wakizunguka pande zote ni arena, na hapa wanafunzi wako wanajua tayari, maana ngoma zetu nyingi na hadithi za jioni zimechezwa hivi tangu zamani bila mtu kuuita arena. Wagiriki nao walikaribia hapo, watazamaji wakizunguka zaidi ya nusu ya duara, ukiangalia ukumbi wa Epidaurus wa karne ya 4 kabla ya Kristo, katikati pana duara tupu la ardhi ambako kwaya ilicheza na kuimba. Kwenye arena sasa apusteji na daunisteji zinakufa, hakuna mbele wala nyuma, kwa hiyo waongozaji wengi wanaichukulia sakafu kama uso wa saa, mlango wa jikoni ni saa kumi na mbili, mwambie mtoto nenda saa tatu na anaelewa. Na samani ndefu msiweke katikati, kuna mtu ataona mgongo wa kabati usiku mzima.

Na kama wakikwambia bila jengo hakuna teatre wape habari ya Kamiriithu pale Limuru, wanakijiji walijijengea wenyewe uwanja wa wazi mwaka 1977, wakaandaa mchezo kwa Kikuyu pamoja na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, watu wakajaa kiasi kwamba serikali iliuzuia ndani ya mwaka ule ule, na 1982 uwanja wenyewe ukabomolewa. Serikali haisumbuki kubomoa kitu kisicho na nguvu.

Kuhusu ukuta wa nne, walioniuliza ni wengi, ni ule ukuta wa mawazo kati ya mwigizaji na watazamaji kwenye jukwaa la fremu. Mfaransa Diderot aliandika mwaka 1758 akiwataka waigizaji wacheze kama vile pana ukuta pale na pazia halijafunguliwa. Ukimgeukia mtazamaji ukamsemesha umeuvunja. Kwenye masimulizi yetu, ambako mtambaji anasema paukwa na watu wanajibu pakawa, huo ukuta haukuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo usiwafundishe watoto kwamba kuongea na watazamaji ni ujanja mpya.

*Mambo teacher, mi ni asistenti wa steji meneja Dar. Kwenye hedseti nilisema tu "hii kitu haiendi, go ukaangalie" nikagombezwa mbele ya watu wote. Kosa langu liko wapi?*

Poa sana. Neno go ndo lenyewe. Kwenye hedseti, vile visikizi ambavyo mafundi wanaongelea wakati wa onyesho, neno hilo lina mwenye nalo, ni steji meneja peke yake, yule anayeendesha onyesho, na likitamkwa fundi wa taa anabonyeza bila kufikiri, kwa sababu kazi yake ni kubonyeza bila kufikiri. Ungeweza kuzima taa mtu yuko kwenye ngazi. Sema "nenda", sema "kaangalie", sema lolote lakini hilo liache.

Utaratibu unakwenda hivi. Kila badiliko la taa, sauti au pazia ni kyu, na kila kyu ina namba. Zote zimeandikwa kwenye prompti buku, ambayo ni skripti ya steji meneja yenye bloking yote na kyu zote pembeni, hilo ndo daftari ambalo likipotea onyesho linasimama, kwa hiyo halilali kwenye begi la mtu kwenye daladala. Steji meneja anasema "stendibai taa 14", fundi anajibu "stendibai", kimya, halafu "taa 14... go". Namba kwanza, go mwisho, kila siku kwa mpangilio huo. Kumbi zingine wana taa ndogo za ishara badala ya sauti, kwa utaratibu wa Kiingereza nyekundu ni jiandae na kijani ni fanya.

Halafu kuna miito ya muda, hii inawachanganya sana wageni. Kwa desturi ya Uingereza, mwito wa nusu saa unatolewa dakika 35 kabla ya pazia, wa robo saa dakika 20 kabla, wa dakika tano unatolewa dakika 10 kabla, na dakika 5 kabla wanaitwa wanaoanza. Miito yote inahesabu kwenda kwenye huo wa mwisho, kwa hiyo mwigizaji wa sini (tukio) ya kwanza anatakiwa awe wingsini dakika tano nzima kabla ya kuanza. Na ukiita "dakika kumi na tano" wanatakiwa wakujibu "asante, kumi na tano". Usichukulie ni mbwembwe, yule asiyejibu hajasikia, na sasa unajua wa kumfuata.

*Mwalimu naomba kujua tofauti ya maleba, propu na mandhari, kila kitabu naona kinasema chake. Mwanafunzi, Zanzibar.*

Angalia mwigizaji anafanya nini na kitu. Kofia ya kiua iliyotundikwa kwenye msumari ukutani ni mapambo ya mandhari. Akiivaa ni maleba. Akiivua akajipepea nayo, au akampiga nayo mwanawe, inakuwa propu. Unaweza kuona ni maneno tu lakini nyuma ya pazia swali ni moja, nani anawajibika kuhakikisha ile kofia ipo mahali pake saa mbili usiku? Ndo maana lazima muamue mapema na kuandika.

Propu zote zinakaa kwenye meza yake wingsini. Tandika karatasi nyeupe, weka kila kitu, chora umbo lake kwa makapeni na uandike jina. Kabla ya onyesho ukitupia jicho tu umbo tupu linakwambia kisu hakijarudi. Na sheria ambayo sina huruma nayo kabisa, propu isiyo yako usiiguse. Panga la jukwaani hata likiwa butu si la kuchezea chemba.

*Mimi ni mpiga taa wa harusi Mombasa, sasa nimeitwa kusaidia kwenye mchezo wa kuigiza. Wananitajia fresneli, profaili, jeli, gobo. Na waigizaji sura hazionekani vizuri, wanavaa kanzu nyeupe. Nisaidie bwana.*

Karibu kwenye familia kaka. Fresneli ni taa yenye lenzi ya miduara miduara, imepewa jina la Mfaransa Augustin Fresnel aliyebuni lenzi za minara ya bahari, mwanga wake una kingo laini, unafaa kuenea eneo zima, na huo mwanga wa kuenea ndo woshi. Profaili mwanga wake unaukata kwa kingo kali na unaweza kutia gobo, kile kibati kilichotobolewa kinachotupa umbo, kama kivuli cha makuti sakafuni. Jeli ni karatasi ya rangi ya plastiki inayostahimili joto. Dima ni ya kupandisha na kushusha nguvu. Blakauti ni kuzima zote kwa mpigo.

Kuhusu sura, huko harusini umezoea mwanga wa mbele unaomwagika kote, ule unaifanya sura kuwa bapa. Njia inayofundishwa sana, aliyoieneza Stanley McCandless wa Yale miaka ya 1930, ni kummulika mtu na taa mbili kutoka mbele, moja kila upande, kila moja karibu digrii 45 pembeni na digrii 45 juu, moja ya joto na nyingine ya ubaridi kidogo. Ongeza na taa ya mgongoni, kutoka nyuma juu, hii kwa waigizaji wenye ngozi nyeusi mbele ya pazia jeusi si anasa, inachora kingo za kichwa na mabega mtu asizame kwenye giza.

Sasa kanzu. Nyeupe inarudisha mwanga mwingi mno, jicho la mtazamaji linazoea ule weupe na sura inaonekana kama iko kivulini, halafu wewe unaongeza taa na kanzu inazidi kuwaka. Usiongeze taa, ongea na mtu wa maleba. Nguo nyeupe zinaloweshwa kwenye chai ya rangi, zinatoka na weupe uliopoa, kutoka kwenye viti bado ni kanzu nyeupe kabisa ila sura imerudi. Mfanye hivyo mapema, mjaribu chini ya taa zenyewe na sio jua la uani.

*Assalam alaykum. Nasoma maigizo hapa London. Wakati wa mapumziko kuna pazia zito linashuka halafu linapanda tena bila sababu, wala hakuna tangazo. Ni la nini?*

Waalaykum salaam dada. Lile ni pazia la moto, wengine wanaliita la chuma, na linashushwa mbele ya macho yenu makusudi ili muone linafanya kazi. Kule Uingereza ni masharti ya usalama ya kumbi za aina hiyo. Nyuma ya fremu kuna mbao, vitambaa, rangi na kamba, na juu kuna mnara wa kupandishia mandhari unaovuta hewa kama bomba la moshi. Moto ukianza jukwaani, lile pazia linautenga na watu.

Habari ya ukumbi wa Iroquois pale Chicago kila mwanafunzi wa steji anatakiwa aijue. Tarehe 30 Desemba 1903, onyesho la mchana wa sikukuu, ukumbi umejaa akina mama na watoto, jengo jipya lililofunguliwa mwezi mmoja tu kabla na kutangazwa kwamba haliungui. Cheche ya taa ya umeme ikashika kitambaa. Pazia la moto likakwama njiani halikufika chini, milango mingi ilikuwa imefungwa au migumu kufunguka, wakafa watu 602. Ule mkono mrefu wa chuma unaousukuma kwa mwili mlango ukafunguka, unaouona kwenye kila njia ya dharura hapo London, uliingia sokoni miaka michache baadaye kwa ajili ya maafa yale.

Kwa hiyo ukiwa unapanga mandhari huko chuoni, ule mstari ambapo pazia la moto linatua usiweke hata kiti. Na ninyi wa huku mnaocheza kwenye mabwalo yasiyo na pazia la moto, hesabuni milango kabla ya kuhesabu viti, na kufuli zitoke zote kabla mtu wa kwanza hajaingia.

Ya haraka haraka kabla nafasi haijaisha. Aliyeuliza kutoka Eldoret, uzungumzi nafsia ni mhusika akiwa peke yake anatoa yaliyo moyoni kwa sauti, monolojia ni maneno marefu ya mtu mmoja hata kama wenzie wapo wanamsikiliza, na kando ni pale anapowanong'oneza watazamaji na wenzie jukwaani inachukuliwa hawajasikia. Wa Morogoro, vile vipande vya tepu sakafuni ni alama za kiti kikae wapi, kila sini na rangi yake, na zile zinazong'aa gizani zinawekwa kwenye kingo za ngazi na ukingo wa jukwaa watu wasianguke wakati wa blakauti. Na wewe wa Tanga uliyesahau maneno katikati ya onyesho ukaganda, usitazame chini wala usiombe radhi, baki ndani ya mhusika, pumua, mtazame mwenzio machoni, mara nyingi yeye anayakumbuka ya kwako na atakuuliza swali litakalokurudisha, na kwenye mazoezi, kama mna mtu wa prompti, yule anayefuata skripti na kuwakumbusha maneno, basi sema neno moja tu, "laini", atakupa.